Milioni 38 za kumkumbuka mdogo wangu: zifanye nini kwenye utafiti wa saratani adimu?

Swali

Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alifariki mwaka jana akiwa na miaka 19, kwa saratani ya mfupa ambayo madaktari waliiita osteosakoma. Ilianzia chini ya paja, karibu na goti. Baada ya msiba zilibaki rambirambi, na ndugu zetu walioko Uingereza wakaongeza. Jumla tuna shilingi milioni 38. Wote tunataka zisaidie utafiti kwa jina lake, lakini hatuelewani. Baba anataka tusajili taasisi. Shangazi anataka tununue mashine tuipeleke hospitali. Mimi naogopa hela itayeyuka. Tuanzie wapi?
Dada mtu, Moshi

Jibu

Marahaba, na poleni sana nyumbani.

Hofu yako ina msingi. Milioni 38 ni fedha nyingi kwa familia, ila kwa utafiti wa dawa ni tone. Hazitagundua dawa. Zinatosha, hata hivyo, kwa kazi moja ambayo hao wanaotafuta dawa wanaililia kila siku: vijana wote wenye osteosakoma watakaofika hospitali moja kwa miaka mitatu ijayo waandikwe, vinyama vyao, yaani vipande vya uvimbe vilivyokatwa ili vichunguzwe, vitunzwe inavyotakiwa, na ijulikane nani yuko hai na nani hayupo. Kiswahili kina neno moja, kumbukumbu, kwa kumkumbuka marehemu na kwa faili la mgonjwa. Ushauri wangu wote unakaa kwenye neno hilo.

Ulaya, saratani huitwa adimu ikiwa wagonjwa wapya ni chini ya 6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Osteosakoma iko chini zaidi ya hapo: kwa watoto na vijana ni kama 4 au 5 kwa kila milioni moja. Utafiti mkubwa kuliko wote wa matibabu yake, uitwao EURAMOS-1, ulilazimika kuunganisha nchi 17 na kuandikisha wagonjwa 2,260 kuanzia 2005 hadi 2011. Moja ya maswali yake lilikuwa hili: mgonjwa ambaye uvimbe wake haukuitikia vizuri dawa za mwanzo, je, akiongezewa ifosfamidi na etoposidi atapona zaidi? Jibu likawa hapana, yaliyoongezeka ni madhara. Kwa hiyo dawa za msingi zimebaki zilezile za tangu miaka ya 1980, yaani methotreksati, doksorubisini na sisplatini. Na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa saratani za watoto, ulioanza 2018, umechagua aina sita za kuanzia, osteosakoma haimo. Wagonjwa wetu wa Afrika Mashariki karibu hawaonekani kwenye hesabu hizo, na wengi hata faili lao halina mwisho: limeishia kwenye kliniki ya tatu, basi.

Msidhani kazi ya kuandika na kutunza ni ndogo. Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona mtoto aliyevimba taya pande zote. Aliuandika ugonjwa huo, aina ya saratani, mwaka uliofuata, kisha akatuma fomu za maswali zenye picha kwa posta kwenye hospitali za Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia kwenye gari, wakasafiri wiki kumi, zaidi ya kilomita 16,000 hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: ugonjwa huu mnauona? Ramani iliyotokea ilifuata joto na mvua. Vinyama kutoka Kampala vikawa vinapelekwa kwa ndege London kwa mtafiti Anthony Epstein. Mzigo mmoja wa Desemba 1963 ulicheleweshwa na ukungu, ndege ikatua Manchester, na maji ya kwenye chupa yakafika yamechafuka kama yameoza. Walipotazama kwa darubini wakakuta ni seli hai za uvimbe zinaelea. Mwaka 1964 wakatangaza kirusi walichokikuta kwenye seli hizo, kinachojulikana leo kama Epstein-Barr. Stempu, fomu, mafuta ya gari na vinyama.

Sasa Mzee. Anachotaka ni jina la mwanawe lisimame, na hilo lisibishwe. Ila kusajili shirika lisilo la kiserikali kunataka katiba, viongozi, ada ya kila mwaka, taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Kwa mtaji wa milioni 38 mkaguzi na makaratasi vitakula sehemu ambayo haitawahi kumgusa mgonjwa, na baada ya miaka miwili yule mwanafamilia aliyekuwa katibu atakuwa amehamia mkoa mwingine. Kusajili bodi ya wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ni njia nyepesi kidogo, nayo ina maana pale mtakapokuwa na mali ya kudumu ya kusimamia. Kama ninyi ni Waislamu na mnawaza wakfu, hapo mtaji hauguswi, hutumika mapato yake tu. Tuchukulie mapato ni asilimia 10 kwa mwaka na mfumuko wa bei ni 4: kilicho salama kutumia ni kama asilimia 6, yaani shilingi milioni 2.28. Ni sadaka inayoendelea, lakini kwa utafiti ni nyembamba mno. Mimi ningezitumia zote kwa miaka mitatu.

Shangazi naye ana nia njema, lakini mashine ni zawadi inayoomba hela kila mwezi. Mkataba wa matengenezo peke yake ni kama sehemu ya kumi ya bei kwa mwaka. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, mara nyingi ni vya kampuni ileile iliyotengeneza mashine, fundi anatoka mbali, umeme unacheza. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ndiyo mtego mkubwa kuliko yote, maana inaonekana ya kisayansi kweli. Inahitaji jenereta inayojiwasha, king'ora kinachompigia mtu simu usiku, na friza ya pili ya kuhamishia vitu. Ikizimika Ijumaa jioni na kugunduliwa Jumatatu, kazi ya miaka imekuwa mchuzi.

Njia ninayoipendekeza ni mfuko wenye jina la mdogo wako ndani ya taasisi ambayo tayari ipo, yenye wodi, maabara ya patholojia (ya kuchunguza vinyama) na chuo. Kwa Tanzania maana yake ni kama KCMC hapo kwenu Moshi, Muhimbili na chuo chake, Bugando kule Mwanza, au taasisi ya saratani ya Ocean Road. Kabla ya kuchagua, ulizeni maswali matatu: mwaka jana mlipokea wagonjwa wangapi wa osteosakoma, wangapi mnajua leo kama wako hai, vibloku vyao, yaani vinyama vilivyogandishwa kwenye nta, viko wapi? Asiyeweza kujibu la pili si mbaya, maana ndiyo kazi mnayotaka kuilipia. Asiyetaka kuulizwa, mwacheni.

Mfano wa kufanya hivi ni wa kijana wa Marekani, Zach Sobiech, aliyefariki Mei 2013 akiwa na miaka 18 kwa ugonjwa huuhuu. Mfuko wenye jina lake uliwekwa ndani ya shirika lililokuwapo Minnesota, Children's Cancer Research Fund, ukiwa umefungwa kwa utafiti wa osteosakoma tu.

Nakaa kidogo kwenye vinyama, kwa sababu hapo ndipo hela ndogo inapofika mbali. Kinyama kikitoka chumba cha upasuaji kinatakiwa kiingie mara moja kwenye fomalini, kemikali ya kuzuia kinyama kisioze, ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wa fomalini ukiwa angalau mara kumi ya kinyama. Kikiwekwa kwenye kichupa kidogo kilichobanwa, nje kinaiva na katikati kinaoza. Kikae humo saa 6 hadi 72. Kwetu mara nyingi ndugu hupewa kichupa akakipeleke maabara mwenyewe, anatafuta nauli, wiki mbili zinapita, na DNA inakatikakatika.

Halafu linakuja tatizo la mfupa wenyewe. Hauwezi kukatwa vipande vyembamba hadi chokaa yake iondolewe. Maabara yenye haraka hutumia asidi kali, na kwa saa chache kazi imekwisha. Daktari bado ataweza kusoma kwenye darubini kwamba ni saratani. Lakini DNA na RNA zimeharibika, na miaka mitano baadaye mtafiti mwenye kipimo kipya akikichukua kibloku hicho hapati kitu. Kemikali nyingine, EDTA, inafanya kazi hiyohiyo taratibu, kwa siku kadhaa hadi wiki, na inaziacha zikiwa nzima. Mgonjwa hawezi kusubiri wiki tatu ili aanze dawa, kwa hiyo dawa yake ni kugawa: sehemu laini ya uvimbe itengwe kabla, iingie kaseti (kisanduku kidogo cha maabara) yake isiyopitia asidi kabisa, iandikwe hivyo, sehemu ngumu ya kupatia majibu iende kama kawaida, na ya ziada iwekwe kwenye EDTA. Kaseti iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kawaida huyeyuka kwenye kemikali za maabara na kibloku kinabaki bila jina. Vikishakuwa vibloku vya nta havihitaji friza. Kabati kavu, lenye kivuli, lisiloingia panya wala wadudu, na daftari linalosema kipi kiko droo gani, vinatosha kwa miongo.

Kitu cha pili ni ufuatiliaji. Mgonjwa akipotea, matokeo ya wengine wote yanapotoka, kwa sababu wanaorudi kliniki ni wale walio na nguvu na nauli. Mkisikia hospitali inasema asilimia 70 ya wagonjwa wake wako hai, ulizeni: asilimia 70 ya wote, au ya wanaorudi? Siku ya kwanza zichukuliwe namba tatu za simu za watu tofauti, jina la kijiji na la mwenyekiti wa kitongoji. Apigiwe kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili. Anayetibiwa apewe nauli mkononi akifika, asitumiwe kabla.

Tatu ni madaktari wanaosomea ubingwa. Kila mmoja lazima aandike utafiti ili amalize, na wengi huchagua mada kwa mfuko wao, si kwa uzito wa swali. Ukimpa mmoja shilingi milioni 2.5, swali gumu linawezekana. Maswali yapo mengi. Tangu maumivu ya kwanza hadi kukatwa kinyama hupita miezi mingapi? Wangapi walichuliwa goti au kufungwa vijiti na mafundi wa mifupa kwanza? Wangapi waliacha dawa siku walipoambiwa mguu utakatwa? Wangapi walikatwa kinyama mahali pabaya, hata daktari wa upasuaji akashindwa kuuokoa mguu? Hili la mwisho watu hawalijui: njia ya sindano au kisu cha biopsi, yaani cha kukata kinyama, lazima iondolewe pamoja na uvimbe, ndiyo maana biopsi inatakiwa ipangwe na daktari yuleyule atakayefanya upasuaji.

Kwa hiyo hesabu ningeipanga hivi kwa miaka mitatu, nanyi mtairekebisha kwa bei za hapo mlipo. Mtunza kumbukumbu wa nusu siku, 350,000 kwa mwezi, inakuja milioni 12.6. Nauli na simu kwa wagonjwa 60, 100,000 kila mmoja, milioni 6. EDTA, fomalini, kaseti, nta na kabati, milioni 5. Kusafirisha slaidi, yaani vioo vya darubini vyenye vinyama, zikasomwe na daktari wa pili, kwa sababu uvimbe wa mfupa hukosewa hata na waliobobea, milioni 3. Madaktari watatu wanaosomea ubingwa, milioni 7.5. Ada za kamati ya maadili na ukaguzi wa hesabu, 1.5. Zinabaki milioni 2.4 za dharura, na dharura itakuwapo.

Hela isiondoke kabla ya hati ya makubaliano kusainiwa. Ndani yake iandikwe jina la mfuko, ugonjwa unaohusika, na vitu ambavyo mfuko hautalipia: semina za hotelini, kompyuta za ofisi, posho za vikao. Fedha zikae kwenye akaunti ya taasisi, ila kwa kasma yake yenyewe inayoweza kutolewa taarifa peke yake. Fungu likichanganywa na mapato ya jumla ya hospitali, ndipo linapoyeyuka, na wala hapahitajiki mwizi. Makato ya uendeshaji yawekewe kikomo. Mimi ningekataa zaidi ya asilimia 10. Kamati iwe ya watu watano: daktari wa saratani, wa upasuaji wa mifupa, wa patholojia, mtu wa nje, na mmoja wa familia. Mmoja tu, na asiwe wa kuchagua nani apewe hela peke yake, maana siku jirani yenu atakapoomba mtashindwa kumkatalia.

Lipeni kwa awamu. Asilimia 30 kazi inapoanza, zilizobaki kila taarifa ya miezi sita inapofika. Ambazo bado hamjalipa zikae akaunti ya muda maalumu kwa jina la wanafamilia wawili wanaosaini pamoja. Taarifa ni ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, salio, wagonjwa wangapi wameandikwa, wangapi hali yao inajulikana leo, vibloku vingapi vina sehemu isiyopita asidi. Iandikwe pia kwamba takwimu ni mali ya taasisi na zinakaa kwenye kompyuta yake. Daktari akihama na kompyuta yake ya mapajani, utafiti umehama naye. Na kwamba fedha za awamu yoyote zisizotumika ndani ya miezi 24 tangu zitolewe zinarudi au zinahamishiwa kwingine kwa idhini yenu.

Utafiti wowote unaogusa wagonjwa lazima upite kamati ya maadili ya taasisi, na vinyama vikitakiwa kwenda nje ya nchi kuna kibali cha kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli. Hilo huchukua miezi. Msitoe fungu la utafiti kabla ya kibali, maana mtalipa mishahara ya kusubiri. Mgonjwa wa chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi, lakini naye mwenyewe anaulizwa kwa lugha anayoielewa.

Kuhusu ndugu wa Uingereza: waambieni wasitume tena kwenye akaunti ya mtu. Anayelipa kodi kule akichangia shirika la hisani lililotambuliwa na mamlaka ya kodi ya huko, shirika hilo hudai nyongeza ya peni 25 kwa kila pauni 1. Akikutumia wewe, nyongeza hiyo imepotea. Watafute shirika la Uingereza ambalo tayari linafanya kazi na hospitali mtakayoichagua, waombe fungu lenye jina lake humo. Wakitaka kuanzisha lao, England na Wales shirika la hisani lenye mapato ya zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka lazima lisajiliwe.

Mkitaka kuendelea kuchangisha, chungeni mbio na bonanza. Watu 150 wakilipa 25,000 mmejipatia milioni 3.75. Fulana za 12,000 kila moja zinakula milioni 1.8, medali za 5,000 zinakula 750,000, gari la wagonjwa, maji, muziki na vibali tuseme 600,000. Mmebakiwa na 600,000. Bila fulana na medali mnabakiwa na milioni 3.15, na aliyekuja kwa ajili ya kijana wenu atakuja tu. Terry Fox wa Kanada, aliyekatwa mguu mwaka 1977 kwa osteosakoma, alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143 mwaka 1980, kilomita 5,373, hadi saratani ilipoonekana mapafuni. Alifariki Juni 1981, bado na miaka 22. Alikataa kampuni zijitangaze kupitia yeye, na mbio zinazofanyika kwa jina lake kila mwaka hazina mshindi. Ombi lake lilikuwa dola 1 kwa kila Mkanada, kwa ajili ya utafiti wa saratani, basi. Kila mtu alielewa anaombwa nini.

Kuna jambo linakuhusu wewe na ndugu zako moja kwa moja. Osteosakoma nyingi hazirithiwi. Lakini kama kwenye ukoo kuna aliyepata saratani ya matiti akiwa kijana, uvimbe wa ubongo, au saratani nyingine ya mifupa au misuli, mwambieni daktari, kwa sababu hitilafu ya jeni ya TP53 hupita kwenye familia kwa sura hiyo.

Na barua ya kwanza mtakayoandika isiwe ya kufungua akaunti. Kibloku cha mdogo wako kiko kwenye kabati la maabara mahali fulani, na maabara huvitupa vya zamani nafasi inapokwisha. Tafuteni karatasi ya majibu ya kinyama chake, juu kuna namba ya histopatholojia. Mwandikieni mkuu wa idara ya patholojia, Mzee asaini. Mtaje namba hiyo, jina na tarehe ya kinyama, muombe kibloku na slaidi visitupwe, na mseme kwamba familia inaridhia vitumike kwenye utafiti utakaopitishwa na kamati ya maadili. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo nyumbani.